Ukimkuta mwanamume anampiga mkewe hadharani, mpita njia afanye nini hasa?

Mpitanjia_Mbagala:

Wakuu, salaam. Naomba hili tulizungumze kwa undani, maana kila likiletwa linaishia kwenye "ningemtandika" au "mambo ya mume na mke hayaingiliwi".

Hali yenyewe ni hii. Stendi, sokoni, ndani ya daladala au barabarani usiku, mwanamume anamzaba mwanamke makofi, anamvuta nywele, anamburuza. Watu wamejaa, nusu yao wametoa simu wanarekodi. Mmoja akisogea jamaa anamkata: "Huyu mke wangu, inakuhusu nini?" Basi, wote wanarudi nyuma.

Ninachotaka kujua: unaanzaje bila kuumizwa? Unasema maneno gani? Simu unapiga wapi, na je, wakija polisi wewe shahidi unabaki na mzigo gani? Na kubwa kuliko yote, utajuaje kwamba hujamponza huyo dada akifika nyumbani? Wenye uzoefu wa ustawi wa jamii, afya na sheria karibuni.

---

Mlezi_wa_Kata:

Umeuliza vizuri, hasa hilo la mwisho. Mtu akishalielewa hilo, mengine yote yanajipanga.

Nianze na hilo neno "mke wangu". Mwaka 1976 huko Marekani, watafiti wawili, Shotland na Straw, waliigiza mwanamume anayemshambulia mwanamke mbele ya watu wasiojua kuwa ni maigizo. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mtu huyo, watu 65 kati ya 100 waliingilia. Alipopiga kelele kwamba hajui hata kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa 19 kati ya 100. Kipigo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni dhana tu kwamba wale ni mke na mume. Kwa hiyo ukisikia miguu yako inakuwa mizito baada ya neno hilo, jua linafanya kazi hiyo kwa karibu kila mtu, na mpigaji analitamka akijua hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Lengo lako pale ni dogo: kipigo kikome dakika hii, na dada apate nafasi ya kuchagua aelekee wapi. Hukuja kumshinda mtu wala kuamua nani alianza.

Kabla ya kusogea, angalia mikono yake. Chupa, kisu, tofali, mkono ulioingia mfukoni au kwenye begi? Ukiona silaha usikaribie kabisa, piga simu na paza sauti ukiwa mbali. Kama hana kitu, tafuta wenzako kwanza, na usiombe msaada kwa jumla. Ukisema "jamani saidieni" kila mtu anamwangalia mwenzake. Mnyooshee mtu kidole umtaje kwa alichovaa: "Wewe kaka wa fulana nyekundu, piga 112. Mama mwenye kanga ya kijani, njoo tusimame na huyu dada." Watu wawili wakishasogea, wengine hufuata wenyewe.

Halafu gawaneni. Mmoja anaongea na mwanamume, mmoja na mwanamke, mmoja ana simu. Kosa linalofanyika sana ni watu sita kumzonga mwanamume kwa pamoja huku dada amesimama peke yake pembeni anatetemeka, hakuna hata aliyemuuliza jina.

Kwa yule anayeongea na mwanamume, njia yenye hatari ndogo ni kumkatiza kwa jambo jingine kabisa. Na sisi tuna silaha nzuri sana hapa: salamu. Mtu wetu akisalimiwa hujibu hata akiwa na hasira, imo kwenye malezi. "Habari za saa hizi kaka? Samahani, gari la Gongo la Mboto linapakilia wapi?" Kama ni mtu mzima, mwamkie: "Shikamoo mzee, samahani naulizia..." Pwani, "Assalaam aleykum" yenye sauti iliyotulia humfanya ageuze shingo, maana kuiitika ni wajibu kwake. Sekunde tatu hizo za kugeuza shingo ndizo mwenzako anazozitumia kumsogelea dada. Mama mtu mzima akisema "mwanangu, hebu nishikie huu mzigo" ana nguvu kuliko vijana wanne wenye vifua.

Usimwambie "wewe mwanaume gani unapiga mwanamke". Najua linatoka lenyewe. Lakini aibu uliyompa mbele ya watu ataibeba hadi nyumbani, na huko hakuna atakayelipa isipokuwa yule dada. Sema jambo fupi lisilomhukumu: "Kaka, twende pembeni kidogo tuongee." "Bosi, punguza kwanza, tutaelewana." Rudia hilo hilo kwa sauti ya chini kuliko yake. Usijibizane naye kuhusu alichofanya mke; akikueleza kosa la mke anatafuta umpe haki, na ukianza kupima kosa umeshaingia kwenye kesi yake.

Anayemsogelea dada amuulize maneno machache tu, kwa sauti ambayo mume hasikii: "Umeumia? Unataka kuondoka hapa? Kuna mtu tumpigie?" Akitikisa kichwa kukataa, usimlazimishe, baki karibu.

---

Mlinzi_Shirikishi:

Naongezea kuhusu mwili, maana wengi wanaumia hapo.

Usiingie katikati yao. Ukijipenyeza katikati unapigwa wewe, au unamsukuma dada bila kukusudia. Simama ubavuni kwa mwanamume, mbali kuliko urefu wa mkono wake, yaani hatua mbili hadi tatu. Mikono iwe wazi usawa wa kifua, viganja vinaonekana. Usimshike bega, usimshike mkono. Mtu mwenye hasira akiguswa kwa nyuma hugeuka na ngumi kabla hajaona ni nani. Acha njia ya yeye kuondokea. Mkimzunguka pande zote anapigana. Usisimame ukutani au kwenye ukingo wa mtaro.

La pili, na hili naliomba kwa moyo wote: usipige kelele ya "mwizi". Kuna watu hufundishana kwamba ukisema "mwizi" watu wanakuja haraka. Ni kweli wanakuja, na wanakuja na mawe na matairi. Ndani ya dakika moja umepoteza udhibiti, anaweza kuuawa mtu, hata yule dada akaumizwa kwenye vurugu, na wewe uliyepaza sauti una kesi ya kujibu. Paza sauti useme ukweli: "Anampiga dada! Njooni!" Inatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wanaosema "mtandikeni naye asikie". Sheria inakuruhusu kumkinga mtu mwingine kwa nguvu inayolingana na hatari; Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18, kinazungumzia kujihami na kumhami mwingine. Ila kipigo kikishakoma, ngumi yoyote unayoongeza haihami mtu tena, ni shambulio lako mwenyewe. Na huko kituoni atakayeonekana ana damu usoni ni yeye, si mke.

Kuhusu wanaosema watu siku hizi hawajali: kuna utafiti wa kamera za barabarani uliochapishwa mwaka 2019, matukio 219 ya ugomvi hadharani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Karibu 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa msaada ulivyoongezeka. Kwa hiyo ukianza, tegemea kuungwa mkono.

---

Muuguzi_Zamu:

Mimi nizungumzie mwili wa aliyepigwa, kwa sababu watu wakishatenganishwa umati unatawanyika na hakuna anayemtazama.

Swali la kwanza kumuuliza: "Amekukaba koo?" Uliza hivyo hivyo, moja kwa moja, maana wengi hawalisemi wenyewe, wanaona ni dogo kuliko makofi. Koo likikabwa sawasawa mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Na mara nyingi shingoni hakuna alama yoyote. Dalili za kuangalia: sauti imekwaruza au imepotea, anameza kwa shida, vidoadoa vyekundu kwenye weupe wa macho au ndani ya kope, amejikojolea, hakumbuki kilichotokea. Hata moja tu, hospitali leo hii. Njia ya hewa inaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, na mshipa wa shingo uliojeruhiwa kwa ndani unaweza kuleta kiharusi baada ya siku kadhaa, mtu akiwa anafikiri amepona. Asilale peke yake usiku huo.

Kukabwa pia kunakwambia jambo kuhusu mkabaji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa na mwenzi huyo. Kwa hiyo ukisikia "alinikaba", usimwambie "nenda kaombe radhi yaishe".

Kichwa: kutapika zaidi ya mara moja, usingizi usio wa kawaida, degedege, damu au majimaji yanayotoka sikioni au puani, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine. Hospitali, haraka.

Mjamzito aliyepigwa au kusukumwa tumbo lazima aangaliwe hata kama hakuna damu. Kondo la nyuma linaweza kuachia taratibu. Tumbo gumu lenye maumivu, mtoto kupunguza kucheza, damu ukeni, hizo ni dharura. Na kwenye kituo cha afya aangaliwe kwa saa kadhaa. Asikubali kupimwa dakika tano na kuambiwa aende nyumbani.

Jeraha linalotoka damu: kandamiza kwa kitambaa safi, kipande cha kanga kinafaa, kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu, usitoe cha chini. Kisu kikiwa kimebaki mwilini usikichomoe. Maumivu, paracetamol inatosha. Diclofenac na aspirini ziacheni hadi daktari aseme, kama kuna hofu ya damu kuvujia ndani.

Kama kuna kubakwa ndani ya hadithi hiyo, na mara nyingine kupo ingawa wewe umeona makofi tu, dawa za kukinga VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuharibu ushahidi.

PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, mnaichukua polisi, haina malipo. Lakini mtu ana hali mbaya, nendeni hospitali kwanza, PF3 ifuatwe na mwingine. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Amana pale Ilala au Mnazi Mmoja Zanzibar, zina daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, hivyo harudii kueleza mara nne.

---

Mpitanjia_Mbagala:

Asanteni sana, hilo la koo sikuwahi kulisikia. Sasa nauliza linalowakatisha tamaa wengi. Umeingilia, na mwanamke mwenyewe anakugeukia: "Mwacheni mume wangu! Nani kawaita?" Watu wanacheka, unaondoka na aibu. Hapo vipi? Na anayerekodi video, anasaidia au anaharibu?

---

Mlezi_wa_Kata:

Hilo la kugeukiwa lina sababu, na ukiijua halikuumizi. Anajua usiku huu atalala chumba kimoja na huyo mtu, na wewe utakuwa umepanda gari lako. Kumtetea mbele ya watu ndiyo njia aliyonayo ya kupunguza kipigo cha baadaye. Wengine wanawaza watoto walioko nyumbani, au kodi ya nyumba inalipwa na nani. Kwa hiyo maneno yale anamwambia mumewe, kupitia kwako.

Jibu: "Sawa dada, nimekuelewa. Niko hapa tu." Rudi hatua mbili, baki unaonekana. Usiseme "basi pigwa", usiseme "nyie wanawake ndivyo mlivyo". Neno hilo atalikumbuka siku atakayotaka msaada, na hatauomba.

Ukipata upenyo, hata dakika moja pale chooni au kwenye foleni ya maji, mpe kitu kidogo kisichoonekana. Usimtumie ujumbe wa simu. Simu yake huenda inakaguliwa. Mpe namba kwenye kikaratasi cha risiti, na umwambie aihifadhi kwa jina la kawaida, "Fundi Cherehani" au "Mama Vitenge". Kama anataka kupiga simu, apige kwa simu yako, na akimaliza ufute namba hiyo mbele yake. Mwambie sentensi moja: "Hukustahili hili, na ukitaka, Dawati la Jinsia lipo kituo cha polisi, hawadai pesa." Umemaliza. Usimpe ushauri wa kuacha ndoa. Kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari kubwa zaidi kwa mwanamke anayepigwa, na kinahitaji mpango: mahali pa kulala, nauli, vyeti vya watoto, mtu anayejua. Hayo hayapangwi stendi.

Halafu mshenga, wazee, shehe, mchungaji, hao wana nafasi yao, baadaye. Mtu anavuja damu, usimpeleke kwenye kikao.

Kuna ishara ya mkono pia, iliyotangazwa na taasisi ya wanawake ya Kanada mwaka 2020 na sasa inajulikana sehemu nyingi: kiganja kinaelekezwa kwako, kidole gumba kinakunjwa ndani, kisha vidole vinne vinakifunika. Ukiona mtu anakuonyesha hivyo, hata kama anatabasamu na aliye naye ametulia, anaomba msaada. Usimrudishie ishara wala kumuuliza kwa sauti. Mfuate kwa macho, kariri namba ya gari, piga simu.

---

Wakili_Mtaani:

Nichukue la video na polisi.

Video ni ushahidi mzuri sana, kwa sharti kwamba mtu mwingine tayari anasaidia. Kama uko peke yako, weka simu chini, saidia. Ukirekodi: anza kwa kutamka tarehe, saa na mahali. Chukua sura ya mpigaji, mikono yake, namba ya gari au pikipiki aliyokuja nayo, kisha jengo au kibao kinachoonyesha ni wapi. Usihariri, usikate, usiweke muziki. Baki na faili la asili kwenye simu hiyo hiyo. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na kupoteza taarifa zake, hivyo itume kama dokumenti. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama inapopima ushahidi wa aina hiyo huangalia ulitengenezwaje na ulitunzwaje. Video iliyozunguka kwenye makundi matano ina maswali mengi.

Na usiirushe mtandaoni. Mwenye haki ya kuamua ni yule aliyepigwa. Ikisambaa, anaaibika kazini, watoto wanaiona shuleni, na mumewe anampiga tena kwa sababu ya video. Mpelekee yeye au askari wa Dawati, basi.

Sheria: Tanzania Bara hatuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa nyumbani, ila usidanganywe kwamba hakuna kosa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Na Kanuni ya Adhabu haina msamaha kwa waume: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, linafika kifungo cha miaka 5. Ukimjibu anayesema "mke wangu", huna haja ya kumhubiria, lakini wewe mwenyewe simama ukijua kwamba sheria iko upande wako.

Kama kuna mtoto, mzigo wako ni mkubwa zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Piga 116, laini ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Polisi ni 112. Lakini hifadhi pia namba ya kituo cha jirani, ya mkaguzi wa kata na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana hao wanajua kichochoro unachokitaja. Ukipiga sema kwa mpangilio: mahali kwanza (ikikatika, wameshapata mahali), kinachotokea sasa hivi, kuna silaha au hakuna, kuna watoto, mtu amevaaje. "Stendi ya Rangi Tatu, upande wa maduka ya simu, mwanamume anampiga mwanamke, hana silaha, kuna mtoto mdogo, shati jeupe." Sekunde kumi na tano. Usianze na "jamani huku kuna fujo", hakuna gari linalotumwa kwenye fujo.

Kituoni ombeni Dawati la Jinsia na Watoto moja kwa moja. Ukiishia kaunta huenda mkaambiwa "nendeni mkayamalize". Hakikisheni mnapata namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, ambayo ina kifupi cha kituo, namba na mwaka. Ipige picha. Bila RB hakuna wa kumfuatilia wiki ijayo.

Wewe shahidi utaandika maelezo. Yasome yote kabla ya kusaini. Kama askari kaandika "waligombana" na wewe uliona mmoja anapiga na mwingine anajikinga, mwambie arekebishe. Sema ulichoona na kusikia tu. "Alimpiga ngumi mbili shavu la kushoto, akamvuta nywele mpaka akaanguka" ina uzito. "Alimfanyia ukatili wa kinyama" haina. Andika mambo hayo kwenye simu yako siku ile ile, kwa sababu unaweza kuitwa mahakamani baada ya miezi na utakuwa umesahau mkono upi.

Na ujue kwamba huyo dada anaweza kubadilisha maneno baadaye. Hutokea sana, kwa shinikizo la ukoo au njaa. Shahidi wa nje asiye ndugu wa yeyote anaweza kuwa ndiye anayeibakisha kesi hai.

---

Konda_Mzoefu_wa_Njia:

Kwa ndani ya gari, maana halijaguswa. Kosa kubwa la makonda ni kusema "shukeni mkamalizane chini" na kuwaacha wote wawili gizani. Hapo umemkabidhi. Usimshushe mwanamke peke yake sehemu isiyo na watu eti kelele ziishe.

Kinachofanya kazi: mhamishe dada kiti, aje mbele karibu na dereva, kwa sababu yoyote: "Dada, sogea huku nipange abiria." Mkalishe pembeni ya mama mtu mzima. Dereva asimame kituo cha mafuta chenye taa au mbele ya kituo cha polisi, si katikati ya njia. Kama dada anataka kushuka, ashuke kituo tofauti na mwanamume, na gari liondoke mara moja yule mwanamume akiwa bado ndani. Wawekeni umbali wa vituo viwili au vitatu. Abiria mkiona konda anasita, mwambieni nyinyi. Akisikia sauti tatu anasimama. Na nauli ya dada msiidai hapo.

Basi la mkoani ni rahisi zaidi kuliko daladala: majina yapo kwenye orodha ya abiria, na kuna vizuizi vya polisi njiani ambapo dereva anaweza kusimama na kueleza.

---

Nyali_254:

Salamu kutoka Mombasa. Kwa walioko Kenya namba ni 1195, laini ya ukatili wa kijinsia, bure na saa 24. Polisi ni 999 au 112. Mtoto ni 116 kama huko. Fomu yetu, kama PF3 yenu, ni P3, na kituoni mnaomba namba ya OB, ambayo ni kama RB yenu.

Tofauti kubwa ni kwamba sisi tuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Mtu yeyote anayeshuku kwamba ukatili unafanyika anaweza kutoa taarifa, na akitoa kwa nia njema hashtakiwi kwa kutoa taarifa hiyo. Mlalamikaji anaweza kuomba maelezo yake yachukuliwe na askari wa jinsia yake. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, mume akakatazwa kumkaribia mkewe hata kabla ya kesi ya jinai kuisha. Wengi hawaijui amri hiyo, wanadhani lazima kwanza mtu afungwe. Msaada wa wakili bila malipo, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wanaushughulikia.

---

Mpitanjia_Mbagala:

Shukrani nyingi. La mwisho: baada ya yote, mume ameondoka kwa hasira, dada amebaki amekaa kwenye ngazi, watu wametawanyika. Dakika hizo za mwisho nafanya nini?

---

Muuguzi_Zamu:

Kaa naye, usimsimamie kwa juu. Kama wewe ni mwanamume, acha nafasi ya mtu mmoja kati yenu, na ikiwezekana mwite mwanamke mwingine, mama ntilie wa hapo anafaa sana kwa sababu kesho pia atakuwepo. Mpe maji ya kunywa, isipokuwa amekabwa koo au anatapika. Muulize tena kuhusu koo na tumbo; jibu la kwanza mara nyingi huwa "niko sawa". Rudisha vilivyoanguka: kiatu, kilemba, simu, kitambulisho. Kilemba au mtandio mpe mapema kabisa, kabla ya maswali yoyote.

Picha za majeraha, akikubali: moja inayoonyesha uso na jeraha pamoja, nyingine ya karibu ikiwa na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Zirudiwe baada ya siku mbili au tatu, wekundu wa leo ndipo unakuwa mchubuko unaoonekana. Kama simu yake si salama, zikae kwako au kwa dada yake.

Kabla hajaondoka hakikisha anajua jina la mahali anakokwenda na nani anamsubiri huko. Bodaboda achaguliwe na mtu anayemfahamu dereva, lipeni nauli hapo hapo, na andikeni namba ya pikipiki. Akifika, apige kwa simu ya huyo anayempokea.